Arobaini ya Sixten

Mnaniuliza, vijana, mwanamke aliyezaliwa Vihiga alifikaje kufanya kazi ya kukamua mkojo wa mbwa Stockholm. Alifika kwa treni ya buluu kutoka mtaani kwake Rissne, kila asubuhi, akiwa na wali wa jana kwenye kibakuli cha plastiki na cheti cha ualimu ambacho hakuna aliyetaka kukiona. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu nawapa leo, hasa nyinyi mlioanza juzi kwenye hospitali za wanyama na tayari mnatembea kama madaktari kwa sababu mmepewa nguo za kijani.

Nilikuwa mhudumu wa kitengo cha mazoezi. Nilipomweleza mama yangu kwa simu kwamba huku kuna hospitali ya mbwa, na kwamba ina tangi la maji ya uvuguvugu ambamo mbwa aliyepooza hufundishwa kutembea upya, aliniuliza kama nakula vizuri. Hakuuliza tena habari za kazi. Kwetu mbwa alikuwa mlinzi. Alilala nje, alikula kilichobaki, na akiugua alijitafutia kivuli akangoja kupona au kutopona.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wale mbwa warefu wa miguu mifupi ambao Waswidi huwaita tax. Mungu alimpa tax mwili wa mbwa mmoja na nusu, akampa miguu ya stuli, kisha Mswidi akampa sofa. Kati ya pingili za mgongo kuna mito midogo, laini, inayozuia mifupa isisagane. Kwa hawa wafupi, mito hiyo hukauka na kuwa migumu wangali vijana. Siku moja anaruka kutoka sofani kwa sababu kengele ya mlango imelia, kilichomo ndani ya mto kinachomoka na kubana mishipa ya fahamu inayopita mgongoni, na mbele kunataka kwenda mlangoni ilhali nyuma kumebaki kwenye zulia. Mwenye mbwa atakwambia imetokea ghafla. Haikutokea ghafla. Ilikuwa inaandaliwa miaka yote ile ya sofa.

Aliyenifundisha kazi ni Birgitta, muuguzi mkuu wetu, mwanamke mkavu wa maneno aliyeweza kufanya zamu nzima kwa sentensi nne. Wiki yangu ya kwanza daktari alimbana mbwa aliyepooza kidole cha nyuma kwa koleo, kuona kama bado anahisi maumivu. Mguu ukajivuta. Mimi, kwa furaha zangu za ualimu, nikampongeza mwenye mbwa kwamba mtoto anahisi. Birgitta alinivuta kando. Akaniambia mguu unaweza kujivuta peke yake, kama goti linavyoruka likigongwa, bila kichwa kuwa na habari. Mbwa anayehisi kweli atageuka, atalia, atakukasirikia. "Usitazame mguu," alisema. "Tazama uso." Sentensi mbili, na zamu bado ilikuwa mbichi.

Somo lake la pili lilihusu mkojo, na hili lishikeni kwa sababu ndilo litakalowaangusha. Mbwa aliyepooza nyuma mara nyingi hawezi kukojoa. Kibofu kinajaa hadi hakiwezi kubeba zaidi, kisha kinaanza kuvuja. Mwenye mbwa anaona godoro limelowa, anashukuru Mungu, anakupigia simu ya furaha. Kumbe kibofu kimejaa vile vile, mkojo unachacha ndani, na maradhi yanapanda kwenda kwenye figo. Kwa hiyo ni lazima mkono wa mtu ukikamue, asubuhi, mchana na usiku. Nilimuuliza Birgitta nitajuaje kama mbwa anavuja au anakojoa. Akasema kuvuja hakuchagui mahali.

Kumbeba mtajifunza wenyewe: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo umelala sawa kama sinia ya mayai. Msimnyanyue kwa makwapa kama mtoto wa ubatizo. Na wale wakubwa msiwanyanyue peke yenu, mtaishia kama mimi. Mgongo wangu uliumia kwa kumwinua mbwa wa kuchunga kondoo aliyekataa kuingia tangini. Mbwa yule alipigwa picha ya mgongo siku aliyofika. Mimi niliambiwa na daktari wangu nijaribu kutembeatembea. Nikarudi kazini kumsaidia mwenzangu kutembeatembea, na wote wawili tukapata nafuu, ingawa yeye alishangiliwa.

Lakini ugumu wa kazi ile haukuwa mbwa. Ulikuwa kizimba. Baada ya upasuaji mbwa lazima atulie wiki sita hivi ndani ya kizimba, atoke tu kwa haja na mazoezi mafupi, asiruke, asikimbie, asipande chochote. Mswidi atakubali mbwa wake apasuliwe mgongo bila kupepesa jicho. Mwambie amweke kizimbani, anakutazama kama umependekeza gereza. Kijana mmoja wa Jordbro aliniapia kwamba mbwa wake hajatoka hata mara moja, na huku mbwa mwenyewe amenilalia mapajani, mchanga wa ufukweni umejaa katikati ya vidole. Mama mwingine alinunua kizimba kikubwa mno ili naye aingie. Niliwaeleza kwa upole, kwa ukali, kwa michoro. Waliitikia kwa kichwa, wakaenda nyumbani kufungua mlango.

Basi sikilizeni habari za Arne.

Arne alikuwa mzee wa Hässelby, mjane, aliyeendesha treni za njia ya kijani maisha yake yote na alipostaafu akabaki kuishi kule kule mwisho wa njia. Mbwa wake aliitwa Sixten, tax wa rangi ya hudhurungi, aliyechaguliwa na marehemu mkewe. Mara ya kwanza Arne alipoingia kwetu na Sixten kwenye blanketi, alivua kofia mbele ya mbwa na madaktari pamoja. Sixten alipasuliwa siku hiyo hiyo. Alipobanwa kidole aligeuka akataka kumuuma daktari, na sote tulifurahi sana kuona anataka kuuma. Uso ulikuwa umesema ndiyo. Hospitali ilimweka siku chache, kisha akarudi nyumbani na maelekezo: kizimba, mazoezi, na kukamua kibofu.

Aliporudi kwa uchunguzi Arne alikuwa na furaha ya Krismasi. Alitueleza kwamba Sixten anakojoa mwenyewe, tena vizuri sana, kitandani, zulini, mapajani. Daktari aliweka mkono chini ya tumbo na uso wake ukabadilika. Nami nikagusa: kibofu kigumu kama chungwa. Daktari akamwambia mzee aonyeshe anavyokamua. Arne alinyoosha mikono, na hapo ndipo nilipoitazama vizuri. Baridi yabisi ilikuwa imevikunja vidole vyake. Alikuwa anabonyeza ngozi tu, akijitahidi, jasho linamtoka.

Tulitafuta njia. Binti yake alikuwa Malmö, mbali kusini. Wafanyakazi wa manispaa waliokuja kumsaidia Arne kuoga walikuwa na mpango unaomhusu Arne, na mpango huo haukuwa na mbwa ndani yake. Mpira wa mkojo haukai muda mrefu bila kuleta maradhi. Kuja hospitali mara tatu kila siku kutoka Hässelby na mbwa mwenye mgongo wa juzi, haiwezekani. Daktari hakumsukuma. Alimweleza tu kwamba bila mikono, Sixten ataumia kutoka ndani. Arne alifikiri, akaomba nafasi ya Ijumaa. Kwa kazi yetu nafasi ya namna hiyo haihitaji kuelezwa ni ya nini: ni ya sindano ya mwisho.

"Sitaki ateseke kwa sababu ya vidole vyangu," alisema, akavaa kofia.

Nilipanda treni jioni ile nina hasira, na hata sikujua nimkasirikie nani. Upasuaji ulikuwa umefanikiwa. Mishipa ilikuwa inahisi. Kilichokosekana kwenye jiji zima lenye kila kitu kilikuwa mikono miwili inayojua tumbo. Na nilipowaza hivyo, mikono miwili nikaikumbuka, kwa sababu niliwahi kuwa chini yake.

Nilipojifungua Brian wangu, mkunga wa Kiswidi alinishauri nitoke nitembee, hewa safi, theluji nzuri. Nikarudi Rissne, na mlangoni nikamkuta Bi Zuhura. Bi Zuhura ni mtu wa Tanga, wakati ule akipika kwenye jiko la shule, na alikuwa amejipa kazi ya kuwakanda wazazi wote wa Kiswahili waliojifungua jiji hili, Mkenya, Mkongo, Mrundi, Mkristo, Mwislamu, bila kuombwa. Alinilaza. Alinikanda tumbo kwa maji ya moto hadi nikaita majina ya wazee wetu. Alinifunga tumbo kwa kanga, ndio mkaja, akaninywesha uji wa pilipili manga, akaniweka ndani siku arobaini. Nikitaka kwenda hata kufua chini ya jengo aliniuliza kama nataka kuzeeka kabla ya mume wangu. Nikatii. Hakuna aliyewahi kumshinda Bi Zuhura.

Sasa alikuwa amestaafu, na makazi yake yalikuwa Hässelby, nyumba mbili kutoka kwa Arne. Tatizo lilikuwa moja tu. Bi Zuhura akiona mbwa, yeye huvuka barabara. Mate ya mbwa kwake ni najisi, na hilo si jambo la kuchezea kwa mtu anayesali sala zake zote tano kwa wakati.

Nikaenda hata hivyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanimiminia chai ya tangawizi. Nikamweleza yote: mzee, vidole, kibofu, Ijumaa.

"Mbwa," alisema.

"Mbwa, Bi Zuhura."

Akanywa chai yake taratibu. Akaniuliza nani anampikia mzee yule. Nikasema mashine ya kupasha moto. Akasikitika kwa ulimi. Kisha akauliza daktari amesema mgonjwa akae ndani muda gani. Nikajibu wiki sita, bila kutoka, bila kuruka, bila purukushani.

"Si useme arobaini," alisema, kama mtu aliyechoshwa na maelezo marefu.

Wallahi niliweka kikombe chini. Miaka yote nimechora michoro, nimebembeleza watu, na neno lenyewe lilikuwa nyumbani kwangu.

Kuhusu najisi alinituliza mwenyewe. Kumpa kiumbe nafuu si dhambi, alisema, dhambi ni kwenda kwenye msala na uchafu. Atavaa glavu juu ya glavu. Ikimgusa, ataosha mara saba na moja iwe kwa udongo, na udongo anao kwenye chungu cha mnanaa pale barazani. Nilimwuliza mnanaa utaonaje. Akaniambia mnanaa haujaulizwa.

Nilimwomba ruhusa Birgitta, maana kwenda nyumbani kwa wateja si desturi. Alifikiri. Akasema ninachofanya baada ya kazi ni changu, lakini mama huyo afundishwe sawasawa, asije akapasua kibofu. Alhamisi nikampeleka Bi Zuhura kwa Arne. Alisimama mlangoni amefunga buibui juu kidogo, glavu za manjano za kuoshea vyombo mikononi juu ya glavu nyingine nyeupe. Arne akamwinamia. Sixten akambwekea. Bi Zuhura akambwekea kwa Kitanga maneno ambayo sikuyatafsiri.

Nilianza kumwonyesha: mbwa asimamishwe, mkono kila upande wa tumbo, viganja si vidole, usibonyeze kwa ghafla, tafuta kitu cha duara. Hakuningoja. Alivua glavu za manjano, akabaki na nyeupe, akafumba macho, na mikono yake ikaenda chini ya mbavu, ikashuka, ikasimama. "Hiki hapa," alisema. Akakibana taratibu kutoka pande zote, kama alivyonibana mimi, na beseni likaanza kuimba. Liliimba muda mrefu. Sixten aliacha kubweka. Arne aligeuka akatazama nje ya dirisha, nami nikajishughulisha na mikunjo ya blanketi kwa sababu nami sikuwa na hali. Kabla hatujaondoka alipiga simu akafuta Ijumaa.

Kuanzia hapo Arne hakuwa tena na nyumba, alikuwa na nyumba ya mzazi. Bi Zuhura alikifunika kizimba kwa kanga upepo usipite. Sofa ililazwa kifudifudi. Wageni walikatazwa, hata yule jirani wa ghorofa ya chini aliyezoea kuleta biskuti za mbwa. Arne alipojaribu kufungua mlango wa kizimba kwa huruma, kama wanavyofanya wote, alitolewa maneno kwa Kiswidi cha jiko la shule, na mzee aliyeendesha treni zenye watu elfu akarudi kukaa kwenye kiti chake. Wateja wangu wa miaka mingi, hakuna aliyewahi kushika amri ya kizimba kama alivyoishika yule mama asiyetaka hata kumgusa mbwa mkavu.

Msidhani alikuwa hakosei. Jumapili moja nilifika nikamkuta Sixten amefungwa mkaja, kanga imemzunguka tumbo barabara, macho yamemtoka. Nikaulegeza haraka, tukagombana kidogo, kisha nikaona kwamba kanga ile ikishikwa kwa juu inambeba nyuma anapojifunza kusimama, bora kuliko taulo tulizotumia hospitalini. Ikabaki. Maji ya moto nilikataza kabisa, mshono ulikuwa bado. Uji wa pilipili manga nao nilikataza, mbwa hapewi. Bi Zuhura alikuwa ameshaupika, na kwake chakula hakimwagwi, kwa hiyo Arne aliunywa. Akaupenda. Akawa mzazi yeye, na mashavu yakaanza kumjaa.

Lakini miguu haikuwa inakuja. Tulimkanda mapaja, tulimpapasa nyayo kwa brashi ya meno, mshono ulipopona nilimwingiza tangini hospitalini nikauinamisha mgongo wangu mbovu ndani ya maji nikimsogeza hatua moja baada ya nyingine. Kulikuwa na kutikisika kidogo, mkia ulianza kuwa na maoni. Kibofu kilibaki kilekile. Na Bi Zuhura alikuwa na tiketi ya kwenda Tanga, binti yake wa mwisho anakaribia kujifungua, na pale hakuna majadiliano, arobaini ya binti haisukumwi kwa ajili ya mbwa. Angeondoka siku chache baada ya arobaini ya Sixten kutimia. Arne alijua. Nilimwona akiitazama simu, nami nilijua namba anayoiwaza. Nilikuwa nimeshamzoea Sixten, niwaambie ukweli, na sikutaka kuwa zamuni siku hiyo.

Arobaini ilitimia mwanzo wa masika yao, theluji imebaki vichuguu vyeusi pembeni, njia zimejaa kokoto zinazomwagwa wakati wa baridi watu wasiteleze. Bi Zuhura alisema mzazi hutolewa nje kwa heshima. Alikuja amejifukiza udi, amevaa buibui la sherehe na viatu vyeupe vya ngozi alivyonunua kwa ajili ya safari. Arne alivaa tai. Mimi nilimshika Sixten kwa ile kanga, nikamshusha kwa lifti hadi uani, nikamweka chini.

Alisimama. Nyuma kuliyumba, kukakaa, kukainuka tena. Nikalegeza kanga. Akapiga hatua za mlevi kuelekea kwenye kichuguu cha theluji, akanusa, akakiacha. Akaenda kwenye nguzo ya taa, akanusa kwa makini, akaiacha pia. Arne alikuwa ameshika tai yake kwa mikono yote miwili. Kisha Sixten akageuka, akaja akijiburura nusu na kutembea nusu hadi aliposimama Bi Zuhura, umbali ule ule aliouweka kati yao tangu siku ya kwanza kila alipomaliza kumkamua. Akanusa kiatu cha kulia. Akachuchumaa.

Arne alishtuka akataka kumvuta.

"Mwacheni amalize," alisema Bi Zuhura.

Hakusogeza mguu. Mkojo ulitiririka juu ya ngozi nyeupe, ukaingia ndani, ukashuka kwenye kokoto, nao haukuwa unavuja. Nilimtazama Sixten usoni, kama nilivyofundishwa. Alikuwa na ule uso wa mwenye shughuli zake. Arne aliniuliza kwa sauti ndogo kama ni ule wa kweli au ule mwingine.

Bi Zuhura ndiye aliyejibu, kwa Kiswidi chake. Akasema mbwa huyu alikuwa na theluji, alikuwa na nguzo, na amechagua. Kisha akavua kiatu, akakishika kwa ncha ya vidole, akaelekea kwake kwenye chungu cha mnanaa akiwa na soksi moja.